Jemedari Akagua Makumbusho

Jina lake la kuzaliwa halikutumiwa tena hata na mama yake mzazi. Wote walimwita Jemedari, tangu siku ya harusi ya mdogo wake, upepo ulipong'oa turubai, naye akawahamishia wageni kwenye gereji ya jirani kabla bibi harusi hajajua kama kuna mvua. Tangu hapo kupanga shughuli za watu ikawa ndiyo kazi yake. Kaka yake mkubwa, mpishi, akawa mkono wake wa kulia, japo mkono wenye mdomo.

Asubuhi hiyo walisimama kwenye ngazi za makumbusho wakimsubiri mwenyekiti wa chama cha wauguzi. Wauguzi walitaka kumuaga matroni wao aliyekuwa anastaafu, mama aliyewafundisha karibu wote kushika sindano. Walitaka jioni ya heshima: suti, magauni marefu, chakula na hotuba.

"Hoteli ina jiko," kaka alisema. "Ina vyoo tele. Hapa pana nini? Mifupa."

"Acha nione kwanza, kaka. Kulaumu baadaye."

Mwenyekiti akafika, mwanamume mnene mwenye tai iliyokaza, na mhifadhi wa makumbusho, dada mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, akawafungulia. Ukumbi mkuu ulikuwa wa kukata pumzi. Sakafu ya marumaru, kuba juu kabisa, na chini ya kuba mifupa ya nyangumi imening'inia kama jahazi lililogeuzwa.

"Hapa hapa!" Mwenyekiti akatandaza mikono. "Anashuka ngazi zile, watu wote wanasimama, kisha hotuba. Nimeshawaambia wanachama."

Jemedari akaingia kazini. Alitembea. Alikagua mlango wa nyuma wa kuingizia mizigo, akatafuta soketi za umeme, akapima kwa macho njia ya wahudumu wenye sinia. Mpaka hapo ukumbi ulikuwa unamfurahisha. Kisha akamtuma kaka yake upande wa pili, chini ya mkia wa nyangumi.

"Kaka, toa hotuba!"

"Ya nini?"

"Yoyote. Niage mimi!"

Kaka akakohoa, akanena kwa mbwembwe. Kilichowafikia kilikuwa ngurumo tu, neno likipanda mgongoni mwa neno.

"Amesema nini?" mwenyekiti akacheka.

"Ndilo ninalokuuliza wewe."

Kaka akarudi akijifuta jasho. "Nimesema wewe ni mkaidi tangu utotoni, na mimi nina njaa."

"Tutaleta spika kubwa," mwenyekiti alisema.

"Zitakuza mwangwi. Niambie, matroni anasikia vizuri?"

Mwenyekiti akaitazama tai yake. "Sikio la kushoto halifanyi kazi. La kulia ana kifaa. Hapendi lisemwe."

"Basi jioni nzima atatabasamia maneno asiyoyasikia, na ninyi mtadhani amefurahi. Hotuba hapa, hapana."

"Kama huwezi, nitampata atakayeweza."

Kaka akamfinya mkono kwa siri. Jemedari hakupepesa macho. "Atakuja, na ukumbi utakuwa uleule." Akamgeukia mhifadhi. "Dada, mna chumba chenye vitambaa? Mapazia, mazulia, chochote cha kumeza kelele?"

Mhifadhi akasita, kisha akawaongoza kwenye chumba kirefu cha pembeni. Nguo za kale zilizofumwa kwa mkono zilifunika kuta zote toka dari hadi chini, nyingine za rangi nyekundu iliyoiva, nyingine zimechujuka kama chai ya maziwa. Mwenyekiti alikuwa keshafika mwisho wa chumba. Jemedari, toka mlangoni, bila kupaza sauti, alisema, "Tai yako imekaza." Mwenyekiti akapeleka mkono shingoni.

"Lakini chakula humu hakiingii," mhifadhi alisema. "Mvuke unaziharibu, makombo yanaleta wadudu. Mnibembeleze mpaka kesho, jibu ni hilo."

Jemedari akampenda papo hapo. Kazi hii ilikuwa imejaa watu wa "tutaona" na "labda"; mtu wa "hapana" kavu ni mtu wa kupanga naye. "Basi chakula kiliwe chini ya nyangumi. Kelele za vijiko na vicheko pale ni raha tupu. Kisha wanawe mikono, waje humu kusikiliza, bila hata glasi."

"Wakishashiba watalala," kaka akanung'unika.

"Wakiinuka kutembea hawalali. Na wewe utapika uani, nyuma ya ule mlango wa mizigo. Moto hauingii ndani."

Mwenyekiti hakuwa anawasikiliza. Kule mwisho wa chumba alitoa karatasi mfukoni, akaanza kusoma kwa sauti ndogo, kama anayejaribu kiatu dukani. "Nilikuwa mwanamume peke yangu darasani. Wote walinicheka. Yeye akanipa..." Sauti ikakatika. Akaikunja karatasi.

"Tumesikia kila neno, ndugu yangu," kaka alisema kwa upole toka mlangoni.

"Basi iwe hivyo," mwenyekiti alisema.

Siku ilipofika, matroni alishuka ngazi taratibu, gauni la buluu, kichwa juu, na wauguzi wakapiga makofi mpaka nyangumi akatikisika. Walikula wakapiga soga. Kisha wakahamia kwenye chumba cha nguo, matroni akakalishwa mbele, sikio la kulia likielekea wasemaji.

Mwenyekiti alikuwa katikati ya kisa cha sindano yake ya kwanza, jinsi mgonjwa alivyozimia, matroni alipoinua kidole.

"Mwongo! Aliyezimia ni wewe. Mgonjwa ndiye aliyeniita!"

Chumba kikalipuka. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika kiti, na baada ya hapo hakuna hotuba iliyopita salama. Mama yule alisahihisha kila mtu, tarehe, majina, hata rangi ya sare.

Mlangoni, mhifadhi alikuwa akihesabu mikono iliyokaribia vitambaa. "Chama cha wahandisi nacho kinataka kufanya sherehe hapa," alinong'ona. "Wanauliza kama wanaweza kucheza muziki."

"Waambie waniite kwanza," Jemedari alisema, akavua viatu vyake vya visigino virefu, akaegemea mlango kusikiliza.