Nyimbo Zilizohamia Jikoni

Saa nne asubuhi fundi mitambo alibonyeza kitufe cha kurekodi, akainua kidole gumba, na wanamuziki watano waliokuwa nyuma ya kioo wakaanza kupiga. Walikuwa na tarumbeta, saksafoni, kinanda, besi na ngoma, na walipiga wimbo mzima bila kukosea. Fundi aliporudisha utepe ili wausikilize, haukuwa na kitu. Alikagua nyaya, akasafisha mashine kwa pamba, wakapiga tena. Utepe ukatoka mtupu vilevile.

"Mashine haina ubovu," fundi akasema. "Wimbo unapigwa humu, ila haukai."

"Sasa unakwenda wapi?" akauliza kiongozi wa bendi, mpiga tarumbeta ambaye watu walimwita Pumzi.

Simu ya studio ikalia. Alikuwa dada yake.

"Pumzi, wimbo wenu uko huku kwangu. Umeingia kwenye sufuria. Njooni muutoe, nataka kupika."

"Umeingia wote?"

"Wote, mara mbili. Na mara ya pili huyo mpiga ngoma wako alikuwa anakimbiza mapigo."

Mpiga ngoma akakiri kwamba ni kweli.

Kwa miaka mingi dada huyo ndiye aliyekuwa mpiga piano wa bendi. Kisha Pumzi akatangaza kwamba bendi inataka sauti mpya, na kwamba picha ya jalada ingependeza zaidi wakiwa wanaume watano wenye suti za rangi moja. Akamchukua mpiga kinanda mwingine. Wapagazi wakaja kuiondoa piano sebuleni kwa dada, maana ilikuwa mali ya bendi. Tangu hapo dada alitunga akiwa jikoni, mdomo umefumba, wimbo ukimvuma kooni huku mkono ukikoroga. Kila Jumapili Pumzi alikuja kula. Alikula taratibu sana, sikio likiwa jikoni, na aliporudi kwake aliandika muziki mpaka vidole vikamuuma. Nyimbo zote za albamu alizipata hivyo. Sasa zikipigwa, zinarudi kwao.

Fundi akapakia mitambo kwenye gari. Bendi ilibaki studio ikipiga, naye akatega maiki jikoni kwa dada, moja akaifunga kwenye mpini wa ufagio. Dada alisimama na kifuniko mkononi. Saksafoni ilipoingia, alifunua. Ngoma zilipozidi kelele, alifunika nusu. Mchana alilazimika kupika humo humo, kwa sababu watoto wangerudi na njaa, na bendi ikaendelea kusikika kupitia kwenye mvuke.

Wimbo wa tatu Pumzi aliufikisha mwisho kwa mbwembwe, kama zilivyofanya bendi zote za dansi alizowahi kupigia. Dada akakunja uso. Akainama, akaiimbia sufuria mwisho wake mwenyewe, polepole, bila kuufunga. Kule studio tarumbeta likamgeuka Pumzi mdomoni, likafuata. Mpiga besi akafuata. Walitoka kwenye dansi waliyoizoea wakaingia mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika, na hawakujua walivukia wapi.

"Hapo sasa," dada akamwambia fundi. "Shika kifuniko, niongeze chumvi."

Kazi ilipokwisha, Pumzi alikuja kushukuru. Dada alikuwa akianika vitambaa vya jikoni uani.

"Jina langu liandikwe kwenye jalada," dada akasema.

"Dada, mimi na wewe si damu moja? Jina langu si ndilo lako?"

"Basi liandikwe langu, na wewe useme ni lako."

Pumzi alicheka mpaka akafuta machozi. Akaahidi kuzungumza na wenye kampuni. Aliondoka akilifunga lango kwa upole sana, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala, na hapo dada akajua kwamba hatazungumza na mtu yeyote.

Albamu ilitoka na kupokewa vizuri. Magazeti yalisema ina sauti tulivu ya mpito, sauti iliyoondoka kule ilikokuwa, haijafika inakokwenda, wala haina haraka. Mpiga ngoma alisifiwa mno kwa jinsi alivyosugua ngoma kwa brashi, ingawa ule ulikuwa mvuke wa sufuria. Nyuma ya jalada kulikuwa na majina ya wanaume watano, na chini yake, kwa herufi ndogo, shukrani kwa sufuria. Mwandishi wa habari akaja kuipiga picha.

"Mama, tafadhali sogea kidogo," akamwambia dada. "Unaitia kivuli."

Dada akasogea.

Siku ya uzinduzi kampuni ilituma gari. Dereva aliipokea sufuria kwa mikono miwili, akaiweka kiti cha nyuma, akaifunga mkanda.

"Na mimi?" dada akauliza.

"Mimi nimeambiwa sufuria tu, mama."

Ukumbini sufuria iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, maiki ikiwa mbele yake. Bendi ikaanza. Haikusikika noti hata moja. Mashavu yalivimba, vidole vilikimbia, jasho likalowesha kola za suti, na ukumbi ukabaki kimya hata mtu akijigeuza kitini alisikika. Wasikilizaji walifumba macho. Wengine walitikisa vichwa taratibu. Mkosoaji mmoja akamnong'oneza mkewe kwamba sasa bendi imekomaa, sauti imekuwa laini kuliko hata ile ya albamu.

Nyimbo zilikuwa jikoni kwa dada, zimeingia kwenye birika. Alivuta kigoda, akaketi, akasikiliza onyesho zima. Wimbo wa mwisho ulipoanza kuyumba, aliinama akausaidia mpaka ukatulia. Kisha akangoja.

Kule ukumbini watu walikuwa wamesimama, wanapiga makofi na miluzi, na wengine wanalia. Makofi hayakwenda jikoni. Yalibaki hapo hapo ukumbini, na Pumzi akaweka mkono kifuani, akayapokea.