Viatu vya Madaktari

Kuna uchovu wa kufanya kazi na kuna uchovu wa kuombaomba upewe kazi. Huu wa pili ndio uliomkaba daktari wa mifupa tangu asubuhi. Alikuwa amefunga zahanati yake huko kwao, akapanda nyuma ya lori katikati ya maboksi ya bendeji, akaja kujitolea katika mji ambao tetemeko lilikuwa limeupepeta kama mtama kwenye ungo. Hakuja kutafuta sifa. Lakini hakuja kukaa tu vilevile.

Chumba cha upasuaji kilikuwa kimesimama. Mhandisi alikizunguka akigonga kuta kwa nyundo, akatega sikio, kisha akapaka alama ya kijani mlangoni: salama. Ndani mlikuwa na meza, taa kubwa, vyombo vilivyochemshwa na jenereta iliyonguruma vizuri. Nje, uwanjani, majeruhi walilala chini ya maturubai, na vumbi la kifusi likitua juu ya vidonda vyao. Kati ya huku na huko palikuwa na mlango mmoja tu, na hakuna aliyekubali kuuvuka. Hata mfagizi alikataa. Vioo vya madirisha ya ukumbini vilikuwa vimepasuka vyote, vikatapakaa sakafuni, na madaktari walipita juu yake vikilia chini ya viatu kama karanga zinazobanjwa.

"Ujinga," alisema daktari wa mifupa, akiitupa barakoa yake mezani. "Ujinga mtupu. Dawa ipo, mganga yupo, mgonjwa hataki."

Mwenzake, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye kazi yake ni kutia ganzi, na ambaye wenziwe walimwita Dada Usingizi, hakuinua macho kutoka kwenye mabomba yake ya sindano.

"Usiseme ujinga, kaka. Sema jana."

Hiyo jana ndiyo daktari wa mifupa hakutaka kuitaja.

Jana walikuwa wanaunga mfupa wa mkono wa mwanamume mmoja, mkono tu ukiwa na ganzi, mwenyewe yu macho, anapiga soga. Ghafla ardhi ikapiga teke. Daktari wa mifupa hakumbuki kuamua lolote. Anachokumbuka ni jua usoni mwake. Alikuwa uwanjani, glavu zake zikiwa na damu, Dada Usingizi nyuma yake akihema, nesi nyuma ya Dada Usingizi. Uwanja mzima ulikuwa ukiwatazama. Kutoka ndani ikasikika sauti ya yule waliyemwacha mezani:

"Jamani! Mnaniacha na nani?"

Walirudi, wakamaliza kazi, na mkono ukaungika vizuri sana. Lakini nani aliyejali mkono? Watu walikuwa wameona madaktari wakitoka mbio kwenye nyumba ambayo madaktari haohao waliapa kuwa ni salama.

Alivaa barakoa nyingine, akatoka kwenda kujaribu tena.

Aliyemsumbua zaidi alikuwa binti mmoja mchora mabango, wa zile kazi za kushinda juu ya ngazi na ndoo ya rangi. Mfupa wa mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika na kutoboa ngozi. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu. Vidole vilikuwa bado na joto, ila kwa muda gani? Kando yake aliketi mama yake, mwanamke mwembamba, mikono yote miwili imefungwa bendeji. Alikuwa amemfukua binti yake kwa mikono hiyo, na kucha zilibaki kwenye kifusi.

"Mama, shikamoo," daktari alianza.

"Marahaba. Ni yaleyale?"

"Ni yaleyale, mama. Huku nje nina uwezo wa kitu kimoja tu: kukata. Nikiuunga mfupa kwenye vumbi hili, utaoza na kumuua. Ndani naweza kuusafisha na kuuunga kwa vyuma. Na ni leo. Kesho hata ndani nitakuwa wa kukata tu."

"Nimemtoa chini ya dari moja," alisema yule mama. "Nimrudishe chini ya nyingine kwa mikono hii?"

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nakuelewa. Lakini huu ni ung'ongo, mama. Mhandisi ameupima."

"Ung'ongo!" Mama alicheka bila furaha. "Nyoka tulimwona sote. Mimi nilikuwa hapahapa. Nilimwona daktari anamkimbia, tena yeye wa kwanza."

Watu wa maturubai ya jirani waliguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Na mbio zile, ukimwekea dau hukosi."

Daktari aliuma meno. Alitaka kuwaambia kuwa hakulazimishwa kuja, kwamba hakuna anayemlipa, kwamba amelala chini ya lori siku zote hizi. Alitaka waone aibu. Akamgeukia binti.

"Wewe ni mtu mzima. Amua mwenyewe."

Binti alifumbua macho yaliyojaa homa. "Ngazi haipandwi kwa magongo, daktari. Mguu nautaka. Lakini mama asiporidhika, siendi. Angeniacha kule chini ningekuwa nimeshasahauliwa."

"Mlipofika tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone," mama aliendelea, sasa kwa upole uliouma zaidi. "Niambie, mwanangu. Ardhi ikitikisika tena, utakimbia?"

"Sitakimbia."

"Na wewe, dada?"

Dada Usingizi, aliyekuwa amemfuata, alijikuna shingo. "Mimi, mama, nisikudanganye. Jana pia sikupanga."

"Haya basi. Mdomo haukimbii, miguu ndiyo ikimbiayo." Mama alitazama chini, kwenye buti za daktari, akazitazama muda mrefu. "Humo ukumbini mna vioo?"

"Vimejaa."

"Basi mtaingia na viatu, mkifika ndani mtavivua vyote, mnipe mimi. Nitaketi navyo humo ukumbini mpaka mmalize."

Daktari alidhani ni mzaha. Akangoja acheke. Hakucheka.

"Mama, haiwezekani. Chumba cha upasuaji kina kanuni zake. Hakuna daktari anayepasua pekupeku."

"Na kanuni hizo zinasema mgonjwa aachwe mezani?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Daktari wa mifupa alihisi masikio yakiwaka. Alisoma miaka mingi, akapasua watu wazito kwa wepesi, na sasa alikuwa anajadiliana juu ya buti zake mbele ya kadamnasi. Alimtazama Dada Usingizi apate mtu wa kukasirika naye. Dada Usingizi alikuwa ameinama, analegeza kamba.

"Dada, hata wewe?"

"Mguu unaoza, kaka. Ubishi uweke akiba."

Wakambeba binti kwa machela, vioo vikipasuka chini yao. Mlangoni mwa chumba wakavua viatu: daktari, Dada Usingizi na nesi. Mama akavifunga kwenye shuka, akaburuta benchi, akaketi ukumbini na furushi mapajani.

Sakafu ilikuwa baridi. Daktari alianza kazi kwa hasira, na hasira ikampa kasi. Alisafisha kidonda, akakata nyama iliyokufa hadi akafika kwenye nyekundu itoayo damu, akanyoosha mfupa, akatoboa matundu ya vyuma. Binti alikuwa macho, ganzi imemshika kuanzia kiunoni kwenda chini, shuka limemkinga asione.

Chuma cha pili kilikuwa nusu njia mfupani ardhi iliponguruma.

Taa iliyumba. Chokaa ilidondoka. Nesi alikwenda hatua mbili hadi mlangoni, akaona vioo, akasimama kama mbuzi aliyefika ukingo wa mto. Dada Usingizi alikumbatia kichwa cha mgonjwa, akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Na daktari wa mifupa alihisi mguu wake mwenyewe ukiinuka. Haukumuuliza. Uliinuka, ukaning'inia, kisha wayo ukakumbuka vioo vya ukumbini, ukarudi chini polepole. Akauinamia mguu wa binti, akaukinga na vumbi kwa mgongo wake. Hakuwa shujaa. Alikuwa pekupeku.

Mtikisiko ukapita.

"Daktari," binti aliita nyuma ya shuka, sauti yake nyembamba. "Upo?"

"Nipo."

"Kwa hiari au kwa sababu ya viatu?"

Angeweza kusema uongo. Hakuna ambaye angejua.

"Viatu," alisema.

Binti alicheka mpaka Dada Usingizi akamkemea kwamba anatikisa meza kuliko tetemeko.

Walipomaliza, vidole vilikuwa na joto na vyuma vimekaa sawa. Mama alikuwa bado kwenye benchi, nywele zake nyeupe kwa chokaa. Naye hakuwa ameondoka, ingawa viatu vyote alikuwa navyo yeye. Aligusa vidole vya binti yake kimoja kimoja kwa ncha za bendeji zake. Kisha akamkabidhi daktari buti.

"Asante, mwanangu. Ungebaki hivi jana, yule mzee wa turubai la mwisho angebaki na mguu wake."

Daktari alikuwa amempima mzee huyo asubuhi. Mzee alikataa kuingia jana jioni baada ya mbio zile, na sasa mguu wake ulikuwa wa kukata tu. Alikumbuka zahanati aliyoifunga, lori na maboksi, lakini hakuna hata kimoja kilichomrudishia mzee mguu. Akavaa buti, akafunga kamba kwa nguvu hadi zikamuumiza, akatoka.

Habari ilikuwa imemtangulia. Mbele ya mlango wenye alama ya kijani alisimama mwanamume mkubwa, amembeba mkewe mgongoni, mguu wa mke umefungwa vipande vya mbao. Nyuma yake kulikuwa na wengine, wamejipanga.

"Nyote mnataka kuingia?" daktari aliuliza.

"Ndiyo, daktari."

"Basi leteni ufagio kwanza, tuondoe hivyo vioo. Watu wataumia."

"Vioo viacheni hapohapo," alisema yule mwanamume, akanyoosha mkono wake mmoja uliokuwa huru. "Viatu, daktari."

Daktari wa mifupa alitukana kimoyomoyo, tusi refu la kwao. Kisha akaketi kizingitini na kuanza kufungua kamba alizozikaza sasa hivi. Zilikuwa zimekaza kwelikweli, ikabidi atumie meno.