Gego Langu Lahamia Pangani

Usiku wa jana niliota gego langu limekaa ukingoni mwa kitanda, limekunja mkeka wake, linanisubiri niamke liniage. Adabu hiyo sijui limeitoa wapi, maana kinywani mwangu halikulelewa hivyo.

"Bibi, nahama. Nyumba inavuja damu."

"Ndiyo maana nimeacha kupiga mswaki upande wako," nikaliambia. "Ufizi upumzike."

"Ahsante kwa huruma. Kitendawili!"

"Tega."

"Kadiri unavyomhurumia, ndivyo anavyozidi kutoka damu."

Nikawaza, nikashindwa.

"Nipe mji," likasema.

"Haya, chukua Pangani."

Heri ningenyamaza. Mara tuko Pangani, gego limeshakabidhiwa mji mzima, linachagua chumba cha kulala.

"Jibu ni ufizi," linasema. "Na sasa nina mji wangu. Kinywa chako cha nini?"

Nalia. Ndilo gego pekee lililobaki upande wa kushoto. Likienda, mahindi ya kuchoma nitabaki kuyatazama kama picha.

Anakuja daktari wa meno. Ni kuku, amevaa koti jeupe. Ananipanua kinywa, anaingia na miguu yote miwili.

"Ugaga wa meno umekuwa jiwe mpaka chini ya ufizi," anasema. "Napiga ganzi, kisha nachakura. Utasikia kuvutwavutwa. Siku chache patauma, na maji baridi yatakushtua. Ufizi uliokwisha kushuka haupandi tena, lakini ukipona utalishika jino. Halafu mswaki asubuhi na usiku, hata pakitoka damu."

"Na karafuu yangu ninayoibana kwenye jino je?"

"Karafuu tia kwenye pilau."

Leo kuku ananifundisha kupika! "Nimekula ndugu zako wengi," namkumbusha.

"Naona. Mmoja bado yuko huku nyuma."

Gego linacheka mpaka linayumba. "Nitarudi, Bibi, ukienda kliniki kweli, bila kusingizia mguu. Nishikie mkeka mpaka hapo."

Nikaamka. Mjukuu wangu Mwanaidi amesimama mlangoni, kashavaa baibui. "Bibi, twende kliniki, au leo tena mguu unauma?"

Nikapapasa gego kwa ulimi. Lipo, lakini linachezacheza kama mgeni aliyekwisha kuaga. Na chini ya ulimi kuna kitu. Nikakitema kiganjani: mkeka, mdogo kama karafuu, umekunjwa vizuri.

"Mguu mzima kabisa, mjukuu wangu," nikamwambia. "Nipe kanga yangu upesi, kabla mtu hajaizoea Pangani."