Udongo Mbichi

Ujumbe wa Nasri, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, uliingia kwenye simu ya Yona wakati waombolezaji hawajatoka hata makaburini. Elizabeti aliusoma akichungulia begani kwa mdogo wake: nafasi ya dramu imepata mtu mwingine, onyesho la Dar es Salaam haliwezi kusubiri, poleni kwa msiba. Basi. Miaka sita Yona alikuwa mpiga dramu wa bendi ile ya roki, tangu walipokuwa wakifanyia mazoezi uani kwa kina Nasri, mtaa wa Makorora mjini Tanga, na Leticia, mama yao Elizabeti na Yona, mkata mkonge mstaafu, akiwapelekea uji. Nasri alikunywa uji ule. Na hakuja kumzika.

Mtu husamehewa mengi, lakini hilo la kutozika halina pa kuliweka.

Wengi walidhani Elizabeti ataacha bendi. Hakuacha. Ulibaki wimbo mmoja waliomwahidi Edgar, mwenye studio ya Chumbageni, na mwimbaji na mtunzi wa maneno alikuwa yeye. Akamwambia Yona kwamba atakwenda, kwa sababu yapo maneno anayotaka Nasri ayasikie akiwa hana pa kugeukia.

Siku ya kurekodi hakuna aliyemsalimia mwenziwe. Lahani ilikuwa ya Nasri, nzito, ya gitaa la kukwaruza. Maneno Elizabeti hakuwa amemwonyesha mtu. Akaimba:

Hata mbwa husubiri udongo ukauke,
wewe umeukanyaga ungali mbichi.

Nasri akaacha kupiga. Kila aliyekuwa mle ndani alijua anaimbwa nani. Edgar akauliza kuna tatizo gani. Nasri, akimtazama Edgar peke yake, akasema sauti ya huyu dada imelala, wimbo unataka kupanda. Akakishika kile kibano cha kubana nyuzi shingoni mwa gitaa, akakisogeza nafasi tatu juu, wimbo wote ukapanda. Mpiga besi akainamisha macho, akamfuata.

Elizabeti alielewa. Nasri aliijua sauti yake inaishia wapi, naye alikuwa anampandisha hadi pale pa kuaibikia. Kukataa kungekuwa sawa na kumwomba, na kumwomba hakutaka. Akaimba. Ubeti wa kwanza aliumudu kwa kuuma meno. Wa pili mishipa ya shingo ikamtoka. Wa tatu, alipofika kwenye neno "mama", sauti ikapasuka kama kitambaa kinachochanwa, ikabaki pumzi tupu, kisha ikarudi imekwaruzika. Akamaliza nayo hivyo hivyo.

Edgar alitaka warudie.

"Usiguse," alisema Nasri. "Watu wamsikie mwimbaji wetu alivyo."

"Iache," Elizabeti naye akasema.

Ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka ule.

Wimbo ulitoka mwezi wa Juni, na haukupita mwezi ukawa kila mahali. Kilichopendwa ni ule mpasuko. Wanafunzi waliuiga njiani, na waliofiwa walituma ujumbe kutoka Lushoto hadi Mtwara. Nasri akaitwa redioni, akaeleza kwamba alipandisha kwa makusudi, kwamba msanii mkubwa hujua kumkamua mwenzake maumivu. Elizabeti alimsikia akiwa saluni, kichwa kimejaa rola. Akatoka vivyo hivyo, mbio nyumbani, akamweleze Yona uongo ule.

Yona alikuwa anaosha pikipiki. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Yeye alinifukuza udongo ukiwa mbichi," alisema. "Na wewe dada ulimwimba mama siku ya kumi na tisa tangu tumzike. Nilihesabu. Mimi sijamaliza kulia, wewe umeshampeleka studio."

Elizabeti akafoka, akamwita mwoga aliyeshindwa hata kumjibu Nasri. Yona akafunga maji, akaingia ndani na kufunga mlango. Tangu siku hiyo salamu ikakatika nyumba nzima. Lakini maneno yale hayakumtoka Elizabeti. Alikula nayo na kulala nayo.

Agosti bendi iliitwa kupiga nyumbani Tanga, uwanja ukafurika. Kabla ya kupanda jukwaani, Elizabeti alimwambia Nasri akitoe kibano, atauimba chini kama alivyoutunga. Nasri akacheka kwa pua, akasema watu wamefuata mpasuko. Akapanda nacho.

Elizabeti akauanza chini. Gitaa likawa kule, sauti huku, vikagombana mbele ya maelfu. Kuzomea kukaanza. Hakumfuata. Mwisho wa ubeti wa kwanza Nasri, jasho likimtiririka, akakichomoa kibano, gitaa likashuka kumfuata. Ubeti wa tatu Elizabeti akalitamka neno "mama" zima, taratibu. Waliokuwa mbele walinyamaza. Wa nyuma waliendelea kuzomea, wakidai ule wa redioni.

"Umeuua wimbo," Nasri alimwambia nyuma ya jukwaa.

"Yule ni mama yangu. Hakuwa wa kukamuliwa, si na wewe wala na mimi."

Nasri akasema bila yeye angekuwa bado anaimba kwaya. Elizabeti akakubali, huenda ni kweli. Kisha akamwambia kwamba Bi Khadija, mama yake Nasri, akitangulia, yeye atafika msibani na atakaa na wenzake hadi mwisho, ila mkono wa pole Nasri asiutarajie kwake.

Bendi ilivunjika wiki ile. Nasri alipata mwimbaji mwingine, anayepasua sauti kwa makusudi kila onyesho, na watu hujaa. Redioni bado unapigwa ule wa studio. Elizabeti akiusikia dukani huweka kapu chini na kutoka. Yona alikaa kimya hadi Krismasi. Asubuhi ya siku hiyo alimwambia chai ipo mezani. Elizabeti akaketi, wakanywa, hakuna aliyetaja bendi.