Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Mwalimu alikuwa amenuna kwa mwaka mzima, na mtu aliyekuwa akinuniwa hakuwa na habari. Hakuna kazi inayochosha kama hiyo. Kila asubuhi unaanza upya: unamwekea mtu chai bila neno, naye anakunywa, anasema asante, anajifuta midomo kwa kiganja na kutoka zake uani kwenda kuinamia gari.

Gari lenyewe lilikuwa la kwendea porini, la mraba kama kabati, limeinuka juu kiasi kwamba Mwalimu alihitaji kigoda ili kulipanda. Nyumbani waliliita Shangazi. Lilikuja kwao kukaa wiki mbili tu, mwenyewe akitafuta mnunuzi, likakaa miaka ishirini na sita, na muda wote huo lilitaka kuhudumiwa na kusifiwa.

Mume wa Mwalimu alikuwa makanika, sasa amestaafu. Mji mzima ulimwita Sikio. Enzi zake ulikuwa ukimpelekea gari, anakwambia uwashe, anasimamisha ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini anauegemeza sikioni, anafumba macho. Hujafika kumi kwa kuhesabu, ameshakutajia ugonjwa. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita Fundi, naye alimwita mkewe Mwalimu, tangu siku alipokuja kulikwamua gari la shule aliyokuwa akifundisha na akamaliza kazi ya saa moja kwa siku tatu.

Huko kununa kulianzia ndani ya Shangazi. Mwaka uliopita Mwalimu alikuwa akioga, mkono ukagusa kivimbe kwenye titi. Alikaa nacho siku nne, akifua na kupika kama kawaida, usingizi haumjii. Siku ya tano, wakiwa njiani kutoka sokoni, alipiga moyo konde. Hakuweza kulisema jambo lile huku akitazamana na mtu, kwa hiyo aligeukia dirishani, akaziambia nyumba zilizokuwa zikipita kwamba ameona kivimbe, na kwamba anaogopa.

Fundi akasema, "Mm."

Kesho yake mezani alimwomba ampeleke hospitali, naye akampeleka bila kuuliza kitu. Akabaki nje akimfuta Shangazi vumbi. Wiki mbili baadaye wakarudi kuchukua majibu. Mwalimu alitoka mle ndani akiharakisha kwa furaha, akapanda garini, akainamia mkoba kutafuta leso maana machozi yalikuwa yameshaanza, akasema, "Si kitu. Wamesema si kitu."

Fundi akawasha gari. "Sasa miwani iko wapi?" akauliza.

Miwani yake ilikuwa juu ya kipaji cha uso, mahali ilipokuwa siku zote. Mwalimu alimwonyesha kwa kidole, akafunga mkoba. Kuanzia hapo alimpa maneno ya lazima tu: chakula tayari, gesi imekwisha, mgeni yuko mlangoni. Alijiambia kwamba wanaume wengine wakizeeka mapenzi huwaishia kama vile nywele zinavyowaishia, na kwamba yeye si wa kwanza. Lakini roho ilimuuma, na haikuacha kumuuma.

Sasa kitinda mimba wao alikuwa anakaribia kujifungua. Mume wa binti huyo alikuwa safarini kikazi, na nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya mlima, mwisho wa barabara ya mawe yenye korongo upande mmoja, ambako gari dogo halithubutu kwenda. Ilikubaliwa kwamba wazazi waondoke Jumamosi asubuhi. Binti alipiga simu kila siku, na kila siku baba yake alisema, "Haya mwanangu, ongea na mama yako," akamtupia mama mtu simu kama inayounguza. Binti akauliza kama baba amemkasirikia. Mwalimu alimjibu kwamba baba yake siku hizi ndivyo alivyo.

Shida ikawa Shangazi. Alikuwa ameanza kutetemeka. Fundi aliusikia mtetemo mikononi kila akishika usukani, na kwa wiki nzima aliufukuza kila mahali. Alibadilisha mipira iliyochakaa chini ya gari, akakaza viungo vya usukani, akazungusha matairi ya mbele kuyapeleka nyuma. Mtetemo ukabaki. Mwalimu alimwona akizidi kukunja uso, akishika spana hii na kuiacha. Alikumbuka zamani, mumewe alivyokuwa akienda moja kwa moja kwenye ubovu kama anayeitwa kwa jina, na akashangaa.

Alhamisi mchana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la mchele anaochambua. Fundi alikuwa ameinua upande wa kushoto wa mbele kwa jeki, akatia gogo chini kwa usalama. Alilishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likakaa imara. Kisha akalizungusha kwa nguvu, akainamisha kichwa karibu nalo, sikio mbele, macho yamefumbwa, vilevile kama zamani.

Gurudumu likanguruma. Mwalimu alilisikia kutoka mlangoni, hatua kumi na tano, na redio ya jirani ikiwa inaimba. Ulikuwa mlio wa kukwaruza, mzito, wa kitu kikavu kinachosaga kikavu kingine. Tena aliujua. Alikuwa akiusikia miezi miwili sasa, chini ya miguu yake, kila Shangazi akishika kasi, na hakusema kwa sababu aliamua kwamba haongei.

Fundi alifumbua macho. "Kimya kabisa," akajiambia, akaanza kuteremsha jeki.

Mwalimu aliliweka bakuli chini. Akavuka uani taratibu, akasimama nyuma ya mumewe, karibu kiasi cha kuona doa la grisi kwenye ukosi wa shati.

"Fundi," akasema, kwa sauti ileile aliyotumia darasani kwa miaka thelathini. "Nyumba inaungua."

Fundi aliendelea kuteremsha jeki.

"Naolewa tena. Ndoa ni kesho."

Fundi alikohoa kidogo, akajikuna mgongo.

Mwalimu alitaka kucheka na akashindwa. Mwaka mzima ulimrudia kwa mkupuo: chai alizoweka bila neno, zile "mm" zote, simu zinazotupwa, kila mara alipogeuza uso akisema na kila mara alipoona hakujibiwa. Alikuwa amemnunia mtu asiyesikia. Aliona haya, na ndani ya haya hiyo kulikuwa na furaha kubwa, akaona haya tena kwa kufurahi.

Hakumpigia kelele. Alichuchumaa kando yake, magoti yakalia, akamwashiria aipandishe jeki tena. Kisha akaushika mkono wa kulia wa mumewe akauweka juu ya springi, ile kubwa inayobeba uzito wa gari upande ule. Hilo alijifunza kwake mwenyewe, zamani, alipokuwa akimshikia taa na kumsikia akiwafundisha vijana wake wa gereji: ubovu wa beringi, ile pete ya chuma inayozungukia gurudumu, hupanda hadi kwenye springi. Akalizungusha gurudumu.

Fundi alitulia. Vidole vyake vilikuwa vinasikia mkwaruzo wote, punje kwa punje. Akautazama mkono wake, halafu akamtazama mkewe.

"Linalia?" akauliza. "Gurudumu, linalia?"

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Akamkabili ana kwa ana, akasema polepole, "Kama mtu anayetwanga changarawe."

"Mimi sisikii kitu, Mwalimu." Alivua miwani kwenye kipaji, akaanza kuifuta kwa shati chafu, ikazidi kuchafuka. "Muda sasa."

Mwalimu alimuuliza kwa nini hakusema. Fundi alisoma midomo yake, akainua mabega.

"Mji mzima unaniita Sikio," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Basi akamweleza, huku akitazama chini. Ilianza na sauti za mbali, kisha simu, kisha watu wakiwa wengi, kisha yeyote asiyetazamana naye. Alipata njia ya kuvunga: ukisema "mm" kwa wastani, watu huridhika. Kwenye injini alipata njia nyingine, na hiyo aliifanya akiwa amejificha chini ya boneti, maana aliionea aibu. Akamwonyesha. Alichukua bisibisi ndefu, akasimamisha ncha kwenye chuma nyuma ya gurudumu, mpini akauuma kwa meno kama mtoto aliyenyang'anywa muwa kisha akarudishiwa. Mwalimu alizungusha. Fundi alifumba macho, na mara uso wake ukafunguka namna ambayo mkewe hakuiona kwa miaka miwili.

"Huho," akasema, mpini ungali mdomoni. Akautoa. "Huyo. Beringi ya ndani. Kwa nini sikuuma hapa tangu mwanzo? Nilidhani halina sauti, kwa sababu nilisikiliza kwa sikio." Akatikisa kichwa. "Tungefika kwenye korongo na gurudumu lingetuaga pale."

Kazi iliyofuata waliifanya wawili. Fundi alifungua breki, akalivua gurudumu na kitovu chake, akaitoa beringi ya ndani. Vile vyuma vyake vidogo vilikuwa vimeliwa na kutoboka, grisi imekauka nyeusi kama masizi. Katika sanduku lake la akiba kulikuwa na mpya, bado ziko kwenye karatasi zake. Mwalimu alikunja mikono ya gauni, akachota grisi kiganjani, akaisukuma ndani ya beringi mpaka ikatokea upande wa pili, kama alivyofundishwa akiwa bi harusi na hakupenda hata kidogo. Fundi alirudisha kila kitu, akakaza nati hadi gurudumu likawa zito, akailegeza kidogo, akaifunga isigeuke. Kisha akarudi nyuma, akamwachia mkewe nafasi.

Mwalimu alizungusha gurudumu, akainamisha kichwa. Halikutoa kitu ila upepo wa kuzunguka kwake. Akainua dole gumba, na Fundi akamwamini, akateremsha jeki.

Walinawa kwa sabuni ya unga kwenye beseni moja. Fundi alikaa juu ya gogo, mikono ikichuruzika maji, akawa anafikiri. Mwalimu alimjua anapofikiri.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unasema," akamwambia, "na mimi naitikia tu."

"Mwanzoni," akajibu Mwalimu, akihakikisha anaonwa midomo. "Baadaye niliacha."

"Kuna kubwa lililonipita?"

Alifikiria kusema hakuna. Lilikuwa limekwisha, na mumewe alikuwa amechoka. Lakini alikuwa amelibeba peke yake siku nyingi mno, na mwenziwe ndiye huyu, mwingine hana. Tena hakutaka kulisema kwa kupanua midomo kama anayemwimbisha mtoto. Alikwenda nyuma ya gogo, akainama, akaweka paji la uso wake juu ya ule mfupa ulio nyuma ya sikio la mumewe, akaukandamiza hapo. Palinukia grisi na sabuni.

"Unanisikia?"

Mgongo wa Fundi ukashtuka. "Nakusikia," akasema. "Mwalimu, nakusikia."

Akamwambia yote tangu bafuni: mkono ulivyogusa, zile siku nne, dirisha la gari, sindano waliyomchoma kupima, wiki mbili za kungoja. Akamwambia walivyosema si kitu.

Mwalimu aliona maji yakidondoka kwenye suruali ya Fundi, na hayakuwa ya beseni.

"Na mimi nikakuuliza miwani," akasema.

"Ukaniuliza miwani."

"Wiki ile ulikuwa unalalamika herufi ni ndogo. Nikajua umekwenda kupimwa macho." Akaelekeza kidole kwenye gari. "Nilitoa fyuzi zangu zote kwenye kile kikasha cha mbele. Nikakisugua, nikatandika kitambaa, ili uwe na pa kuiweka."

Mwalimu alikikumbuka kikasha. Mwaka mzima kila akikifungua alikikuta kitupu, kimetandikwa flana safi ya njano, na kila mara alikifunga akiwaza kwamba mzee ameanza kupoteza vitu.

Aliwaambia moyoni madaktari wa masikio wajiandae, kwamba mtoto akishazaliwa atamkokota mtu huyu mpaka mlangoni kwao, apende asipende. Jioni binti akipiga simu atamweleza kila kitu. Yote hayo yangengoja. Alitaka kunyanyuka kwa sababu kiuno kilikuwa kinamuuma, lakini Fundi aliinua mkono uliolowa akamzuia, akaurudisha uso wake palepale, nyuma ya sikio.

"Ile ya mwisho," akasema. "Irudie."

"Ipi?"

"Waliyosema."

Mwalimu akaukandamiza uso kwenye mfupa ule, akairudia.