Pamba Ndani ya Kopo

Kiplimo, karani wa kituo cha majani chai, alitumbukiza mkono ndani ya gunia la Bilhah hadi kwenye kiwiko.

"Mama Mbuthia, leo umeshindilia. Hii imeanza kupata moto. Ikigeuka nyekundu, factory itaikataa."

"Mwaga, nitachambua," Bilhah akasema. Miaka ishirini akiuza majani hapo Roret, hakuwahi kukemewa. Lakini leo akili yake ilikuwa kwenye simu.

Kwa miaka kumi na sita alimeza dawa za virusi vya UKIMWI kwa siri. Kila kopo jipya alilijaza pamba, vidonge visilie njiani, akalificha ndani ya gambuti, kiatu cha mpira cha marehemu mumewe. Hata Nelvine, mke wa mwanawe Mbuthia, hakujua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa hilo gambuti.

Kisha akajiunga na utafiti mjini Kericho. Badala ya vidonge, akawekewa dripu ya kingamwili. Muuguzi Metrine alimweleza kwamba zilinakiliwa kutoka kwa watu wachache ambao miili yao ilijifunza kuvikaba virusi, kisha zikaundwa upya maabara ziwe kali zaidi na zidumu. Bilhah akaelewa mara moja. Si ndivyo miche ya chai inavyokatwa kwenye kichaka bora? Sasa wiki ishirini zilikuwa zimepita bila kidonge. Damu aliyotoa juzi ndiyo ingesema. Virusi vikirudi, naye angerudi kwenye kopo na gambuti.

Simu ikalia akiwa amepiga magoti, majani yametandazwa kwenye turubai.

"Mama Bilhah, ni Metrine. Result imetoka. Virusi bado havionekani."

"Rudia tena, sister."

"Havionekani. Tutaendelea kukupima, lakini leo tuko sawa."

Machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima, wala hakuona haya. Alifurahi mno. Kiplimo akadhani ni gunia linalomliza.

"Pole, mama. Yamepoa sasa. Leta nipime."

Nyumbani alitoa kopo la mwisho, lisilo na vidonge tena, akachomoa pamba. Akatia konzi ya mbegu za maharagwe, akafunga, akateremka shambani. Kopo likapiga kelele njia nzima.

Nelvine akainua uso. "Mama, ni nini hiyo inalia hivyo?"

Bilhah akaketi ukingoni mwa mtaro.

"Weka jembe chini kwanza," akasema, akampa kopo alishike, karatasi ya jina la dawa ikiwa bado imebandikwa.