Nani Alimpikia Mariamu

Kitu cha bati kiliwekwa kwenye jiwe nje ya mlango wetu, taratibu, kama anayekiweka anaogopa kumwamsha mtoto. Stima ilikuwa imepotea tangu magharibi na chumba kilikuwa giza tupu. Nikasikia kandambili zikishuka ngazi, kisha kimya. Nilipofungua mlango na kumulika kwa simu, nikakuta sinia limefunikwa kwa kawa, na chini ya kawa wali wa nazi na mchuzi wa samaki, bado wa moto.

Ilikuwa Ijumaa Kuu. Mwenye nyumba wetu, Bi Mwanamkisi, anakaa chini, nasi tumepanga chumba cha juu, mimi na binti yangu Kemunto wa miaka mitano. Baba Kemunto alikuwa Kiunga akijenga madarasa, na Pasaka hiyo hakupata ruhusa. Siku ya Idi, majuma machache kabla, Bi alituletea sahani tatu za vitu vitamu, mpaka Kemunto akalala na sukari kwenye mashavu. Kwa hiyo nilipoliona lile sinia nikasema moyoni, kumbe na yeye ameikumbuka sikukuu yetu. Nikaguswa sana. Tulikula kwa mwanga wa simu, na Kemunto akaniachia kichwa cha samaki.

Halikuwa sinia la sikukuu. Mimi nililijua hilo kesho yake, lakini wewe ujue sasa, usije ukahangaika kama nilivyohangaika.

Mchana ule kanisani kwetu watoto waliigiza maziko ya Bwana. Walifunga mto kwa shuka jeupe, wakaubeba polepole, wakauingiza kwenye stoo ya viti, na mlango ukafungwa. Kemunto alishika ncha moja ya shuka, na alishika kwelikweli. Wenzake walichekacheka, yeye hapana. Tulipokuwa tukirudi nilisimama dukani kununua sabuni, naye akatangulia. Bi alikuwa ameketi dakani, pale penye viti vya mawe mlangoni, akamuuliza mbona yeo amekuwa mnyonge hivyo. Kemunto akamwambia tumetoka kuzika.

Bi hakumhoji mtoto. Kwake yeye habari za msiba haziulizwi kwa mtoto. Unapika kwanza, maneno yatafuata. Na punde nikapita mimi, kanga nyeusi kichwani, macho mekundu kwa kilio cha ibada, nikamsalimia kwa sauti isiyosikika vizuri. Angetaka ushahidi gani zaidi?

Asubuhi ya Jumamosi yakaja mahamri na mbaazi. Jua lilipopanda wakaja wenyewe, Bi Mwanamkisi na jirani yake Bi Umulkheir, mwanamke wa utani ambaye hajawahi kunipita uchochoroni bila kuniuliza kama sisi watu wa bara tumejifunza kuogelea. Siku hiyo hakutania. Walivua viatu mlangoni, wakaketi kwenye mkeka wangu, na Bi akanishika mkono. Akasema Mungu atupe subira. Nikaitikia amina. Niliona ni neno zuri kabisa kwa Jumamosi ile, nikashangaa mbona sisi wenyewe hatulitumii.

Baada ya kukaa kidogo Bi Umulkheir akaniuliza, "Alikuwa mtu mzima au kijana?"

Nilifurahi. Mwezi wa mfungo mimi nilikuwa nimewachosha kwa maswali: kwa nini tende, kwa nini usiku fulani unatafutwa, mtoto huanza kufunga lini. Nikaona leo zamu yao. Nikasema alikuwa kijana, miaka thelathini na mitatu hivi.

Wakatikisa vichwa. Bi Umulkheir akauliza kama aliugua.

"Hakuugua," nikasema. "Walimuua."

Mkono wa Bi ukakaza. Yeye alikuwa hajauliza lolote, na sasa akauliza moja, akitazama mkeka.

"Mamake alikuwapo?"

"Alikuwapo. Alisimama pale pale akimtazama mpaka mwisho."

"Basi alipata, mama yule," Bi akasema. "Mimi wangu sikumpata."

Akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, naye akayaacha yashuke. Najua habari ya Jeilani, mwanawe kitinda mimba, kwa sababu picha yake iko juu ya jokofu kule chini. Alifia kazini Mombasa. Kwao maiti hailali ikingoja watu, na kutoka kisiwani hapa Amu mpaka Mombasa ni mwendo. Bi aliwahi kuniambia mara moja tu, akiwa anafua, bila kuniangalia: "Nalikuwa ndiani, wao washamzika." Alifika siku ya kuondoa matanga, akakuta watu wanakunja mikeka.

Nilikuwa nimeguswa na kulia kwake, nikiwaza huyu Mwislamu ana moyo gani wa kumlilia Mwokozi wangu kuliko mimi, ndipo Bi Umulkheir akauliza kama polisi wameshawakamata waliomuua. Kemunto, aliyekuwa akichora pembeni, akanisaidia kujibu. Akasema waliomuua ni askari.

"Basi hakuna kesi," Bi Umulkheir akasema, akapangusa uso kwa ushungi. "Askari amshike askari?"

Hapo ndipo nikaelewa. Nikayaona yote kwa mara moja: sinia, subira, mkono uliokaza. Nilifungua mdomo, na Bi akadhani nataka kulia, akanivutia kifuani mwake. Nilinusa udi kwenye nguo zake. Walipoondoka Bi alimwambia Kemunto asinisumbue, na kesho nisiwashe jiko, yeye ataleta.

Nikamuuliza Kemunto alimwambia nini Bi jana. Akaniambia, kisha akanitazama kama mtu anayesingiziwa. Kwani hatukuzika?

Nilikaa kwenye mkeka ule ule. Siku nne kwa juma mimi huenda masomo ya jioni, na mtoto hubaki kwa Bi. Hilo peke yake lingetosha kunitia hofu. Lakini hofu yangu haikuwa hiyo hasa. Katika mji huu ni yeye tu anayeniita mwanangu. Na alikuwa amenipa machozi ambayo nadhani hakuwa amempa mtu mwingine. Dini yao inasema Nabii Isa hakuuawa. Nikimwambia, ataona nimemchezea, nimemtoa kilio cha Jeilani kwa jambo ambalo kwake hata halikutokea. Nikinyamaza, kesho ataleta chakula cha matanga asubuhi ya Ufufuo, nami nitakila nikijua. Nilijaribu kuiwazia asubuhi hiyo, nikaona hapana. Siku gani nyingine mtu angeweza kusema ukweli, kama si Jumamosi hii?

Baada ya alasiri nikashuka. Bi alikuwa akichambua mchele kwenye uteo, akitupa vijiwe kando kimoja kimoja. Akaniambia niketi, mfiwa hasimami. Sikuketi. Nikamweleza kila kitu, kuanzia mto na shuka mpaka askari. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kuomba radhi katikati, na vidole vyake havikuacha kuchambua.

Nilipomaliza akatupa kijiwe kingine kando.

"Yaani tangu jana namlilia Nabii Isa," akasema.

"Ndiyo, Bi."

"Na kwetu sisi hakuuawa. Alipaishwa."

"Najua, Bi. Nisamehe. Sikukusudia."

Akapepeta mchele mara mbili. Maganda yakaruka, yakaangukia miguu yangu. Sikuweza kuusoma uso wake, alikuwa ameinama.

"Na lile la mamake, Mariamu," akasema. "Kwamba alisimama akiona. Ni kweli mwasema hivyo, au ulinijibu tu?"

"Ni kweli. Imeandikwa."

"Na siku ya pili yake? Mama yule alikula nini?"

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikamwambia sijui. Nilijua habari za Ijumaa, nilijua habari za Jumapili, nikaanza kuzieleza, naye akanikatiza kwa mkono. Alitaka Jumamosi. Nani aliingia nyumbani kwake? Nani alimkalisha chini, akampa maji? Nyumba ya msiba haiwashi jiko, kwa hiyo ni nani alimpikia?

"Haikuandikwa, Bi."

"Walioandika walikuwa wanaume," akasema. Nusura nicheke, lakini yeye hakuwa akicheka. "Kuna mtu alimpelekea. Haiwezekani asiwepo. Mimi siku ile mwanamke nisiyemjua alinitilia tonge mdomoni kwa mkono wake. Sikumjua jina mpaka yeo."

Kisha akaniambia nipande juu, mtoto yuko peke yake. Hakusema amenisamehe. Hakusema amekasirika. Nilipofika katikati ya ngazi nikasimama kusikiliza, nikasikia mchele tu.

Jioni ile Kemunto alipolala nikatafuta. Nilipitia Maandiko, wote wanne walioandika habari za maziko, na kwa Jumamosi sikupata karibu chochote: wanawake walipumzika kama sheria ilivyowataka. Basi. Nimekuwa Mkristo tangu tumboni, na sikuwahi kusimama hapo. Jumamosi nilikuwa naivuka kama uchochoro, nikikimbilia kwenye mwanga upande wa pili, kwa sababu mimi najua mwisho wake. Wao hawakujua. Kwao ilikuwa siku ya pili ya matanga tu, na kesho yake ingekuwa ya tatu, na baada ya hapo mikeka ingekunjwa na kila mtu kurudi kwake. Hata wale waliodamka na manukato hawakwenda kutazama muujiza. Walikwenda kumalizia kazi ya maziko, kama Bi ambavyo angetaka kuimalizia kwa Jeilani lau angeachiwa nafasi. Nikajiuliza yale manukato waliyafanyia nini baadaye. Huwezi kurudisha dukani. Walijipaka? Waligawa? Nilitamani kushuka kumuuliza Bi. Yeye angekuwa na jibu.

Alfajiri tulikwenda kanisani. Mlango wa stoo ulikuwa wazi na shuka limekunjwa juu ya kiti. Mchungaji aliposema amefufuka, watu wakaitikia kwa furaha, nami nikachelewa. Kila mwaka huitikia kama mtu anayejibu salamu. Safari hii niliisikia kama habari, habari ya kuletwa mbio kwa mtu aliyekaa matangani, na sura niliyoiona mbele yangu ilikuwa ya mwanamke aliyeinama juu ya uteo. Kama ni kweli, nami naamini ni kweli, basi inamhusu na yeye, na Jeilani wake. Inamhusu vipi, sikujua. Wala sikujua kama ni mimi wa kumwambia, au kama kuna njia ya kuisema isiyotonesha. Nililibeba swali hilo mpaka nyumbani na halikuwa zito. Lilikuwa kama mtoto mgongoni, linapumua.

Mlangoni petu hapakuwa na chakula. Nilipaangalia mahali palipo patupu, nikashindwa kujua kama Bi ameuheshimu ukweli wangu au amenifungia mlango.

Nikawasha jiko. Kuku nilikuwa nimemwagiza kwa Hamdu, Mwislamu anayetuchinjia, tangu Alhamisi, nikitumaini, kabla ya yote haya, kwamba Bi angekula kwetu, naye nyama isiyochinjwa na Mwislamu haigusi. Nikapika pilau, nikakata kachumbari, nikatandika mkeka. Nikavaa dera la rangi ya chungwa. Nikatoka mpaka kichwani mwa ngazi kumwita.

Chini nilimsikia akitembea. Nikafikiria nianze na neno gani. Njoo tule? Kama bado ameumia, atakuja kwa adabu tu, ale matonge mawili, na tangu hapo tutakuwa mwenye nyumba na mpangaji. Nirudie kuomba radhi? Nilikwisha kuomba, na hakuipokea wala hakuikataa. Nikashuka ngazi moja. Nikapanda tena. Pilau ilikuwa ikinukia mpaka nje, na kwa vyovyote alikuwa anaisikia. Nyayo zake zilikuwa zimesimama.

Kemunto alitoka chumbani, akanitazama, akatazama chini. Akajipenyeza kati ya ukuta na dera langu, akaketi kwenye ngazi ya kwanza, akainama ili sauti ifike.

"Bibi, mama amepika, lakini anaogopa kukuita."